Nyota Moja Moja za Mzee Mwinyimvua

Fortunata alikuwa na imani moja kuhusu biashara, na alikuwa ameihubiri kwenye ngazi za nusu ya maghorofa ya Kariakoo: mteja wa siku hizi hamwamini mwenye duka, anamwamini mteja mwenzake. Ukimwambia sufuria zako hazigandi chakula atatikisa kichwa kwa adabu, kisha ataondoka. Akiambiwa hivyohivyo na mama wa Mbagala asiyemjua, aliyeandika harakaharaka huku mtoto analia, atatoka Kibaha kuzifuata.

Kwa imani hiyo alikuwa anakula na kulipa kodi. Meza yake ilikaa pale ngazi zinapokata kona, ghorofa ya pili ya jengo moja la Mtaa wa Sikukuu, katikati ya fundi saa na Ritha muuza mawigi. Hapo, kwa laptopu moja na simu mbili, aliendesha tovuti na kurasa za biashara kumi na moja: mawigi ya Ritha, keki, vitasa vya milango, mapazia, na mama mmoja wa mtaa wa Gerezani aliyeuza pilipili ya kusaga na kukataa katakata kupigwa picha pamoja na pilipili yake. Jengo zima lilimwita Mama Mtandao. Alikuwa na miaka arobaini na tatu na stashahada aliyoipata kwa taabu. Yeye na mumewe waliachana kwa amani kabisa, bila hata ugomvi mmoja wa kukumbuka.

Vita vyake vikubwa vilikuwa na maneno matatu, "Bei njoo inboksi". Kila alipopiga picha nzuri ya bidhaa na kuandika bei chini yake, mwenye duka alimpigia simu ndani ya dakika tano: "Dada Fortunata, futa hiyo bei, jirani anaiona!" Alikuwa amewaeleza mara mia kwamba jirani hahitaji mtandao ili ajue bei, anachungulia tu. Hakuna aliyesikia.

Mzee Mwinyimvua peke yake ndiye alisikia. Mzee huyu alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, mwenye miaka sitini na minane, na alishona kanzu kwenye frem nyembamba ya duka, Mtaa wa Mkunguni. Kanzu zake zilitariziwa shingoni kwa mkono, na kazi hiyo ilifanywa na yeye mwenyewe pamoja na mafundi wawili, Uledi na Nassibu, watu wazima waliozeekea kwenye sindano. Kanzu za kiwandani zilikuwa zimejaa kila mtaa, zinapakuliwa kwa marobota, na tangu mwezi wa Ramadhani uishe Uledi na Nassibu walikuwa wanakuja kazini siku tatu kwa wiki. Kwa hiyo Fortunata alipomwambia weka bei, mzee aliweka. Alipomwambia tupige picha ya mikono yako ukitarizi, alikwenda kwanza kukata kucha. Na alipomwambia, "Sasa mzee, waombe watu wanaokufahamu waandike maoni yao kwenye ukurasa, watoe na nyota," mzee alichukua kalamu akaliandika agizo hilo kwenye karatasi ya vipimo.

Wiki tatu zikapita. Fortunata alizimaliza na mawigi ya Ritha, maana picha zake zilikuwa zinatoka rangi ya machungwa, na kwa wiki hizo hakuufungua ukurasa wa kanzu hata mara moja. Kwa hilo alijilaumu baadaye peke yake, bila kusaidiwa na mtu.

Jumatatu asubuhi ujumbe ukaingia kutoka Mombasa. Aliyeuandika ni Bi Swaumu, katibu wa kamati ya madrasa moja huko, ambaye siku kumi nyuma alikuwa ameulizia kanzu mia na ishirini za watoto kwa ajili ya Maulidi. Kanzu mia na ishirini! Uledi na Nassibu wangekuwa na kazi ya kila siku kwa miezi minne. Fortunata aliusoma ujumbe huo amesimama, kisha akakaa, kisha akausoma tena.

"Asalaam alaykum. Kamati ilipendezwa na picha zenu. Lakini jana nilisoma maoni ya wateja wenu. Kuna mmoja anasema alivaa kanzu yenu msibani akabebwa yeye badala ya maiti. Mwengine, mwenye duka amemuahidi kumshona akiwa ndani ya kanzu. Sisi ni madrasa ya watoto. Kamati itakaa Alhamisi. Sioni nitakalowaambia."

Fortunata akafungua ukurasa. Maoni yalikuwa ishirini na matatu. Nyota zilikuwa ishirini na tatu vilevile, mojamoja kwa kila mtu, hakuna aliyepunjwa.

"Msinunue hapa," aliandika mmoja. "Fundi macho yamekwisha, shingo kaiweka pembeni. Nikiivaa natembea upandeupande kama kaa."

"Huyu akisikia ngoma inalia Kisarawe anafunga duka siku tatu. Kanzu yangu mpaka leo ina mkono mmoja, nasali nimejikunja."

"Babu yangu alimpata babu yake kwa kibuyu kimoja cha asali. Ukoo mzima hadi leo tunaijutia ile asali."

Hayo yangeweza kuvumilika. Kilichommaliza nguvu Fortunata ni kwamba mwenye duka alikuwa amemjibu kila mmoja, kama alivyofundishwa kwamba mteja asiachwe bila jibu. "Karibu tena mla michembe ya viazi," alikuwa ameandika Mzee Mwinyimvua chini ya yule kaa. "Safari hii nitakushona na wewe humohumo ndani." Na kwa aliyebebwa msibani: "Ile nilikupimia ya kuzikiwa. Umeivaa mapema mwenyewe, usinilaumu."

Alishuka ngazi mbilimbili, akakata Mtaa wa Msimbazi bila kusubiri magari, akafika Mkunguni akihema.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu! Umeona? Ishirini na tatu! Nilikuwa nangoja zifike thelathini ndiyo nikuite." Mzee alivua miwani, uso umejaa furaha. "Uledi, msomee mama lile la kaa."

"Mzee, nyota moja ni matusi."

"Ndiyo, matusi. Kwani ulitaka waandike nini? Wale Wanyamwezi wote."

Ndipo jambo zima likamfungukia Fortunata. Alimwambia mzee awaombe watu wanaomfahamu, na mzee, kwa uaminifu wake, alipanga kichwani ni nani katika Kariakoo hii ataacha shughuli zake akae chini kumwandikia yeye Mwinyimvua. Majirani wana haraka. Wateja huchukua kanzu wakaenda. Waliobaki ni watani zake, Wanyamwezi wa Tabora wanaouza asali, tumbaku na mafuta ya alizeti, ambao kwa miaka thelathini hawajawahi kupita mbele ya frem yake bila kumtukana. Aliwaomba wao. Na mtani hawezi kumsifu mtani wake hadharani, kama vile mkwe hawezi kula chakula amekaa mapajani pa mkwewe.

"Mzee," Fortunata alisema polepole, "watu wa Mombasa wameyasoma."

"Wamecheka?"

"Wameamini."

Sindano ya Nassibu ilisimama. Mzee alivaa miwani, akaomba ujumbe wa Bi Swaumu, akausoma kwa midomo inayocheza. Alipofika kwenye "sisi ni madrasa ya watoto" alirudisha simu kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha chombo cha watu kilichopasuka.

"Hawana watani huko?" aliuliza.

"Huenda wanao, lakini hawajui kwamba hawa ni wako."

"Basi nitamwandikia nimweleze."

"Usiandike chochote mzee! Nakuomba. Hata neno moja."

Fortunata alikuwa ameshawaandikia wenye ramani ya mtandaoni, unakokaa ukurasa huo, akiomba maoni yaondolewe, na jibu lilikuwa limerudi kabla hajameza mate: ombi limepokelewa, litashughulikiwa ndani ya siku ishirini na moja. Alhamisi ilikuwa imebakiza siku tatu tu. Ilibaki kwenda kwa aliyeyaandika yale ya msibani na ya kibuyu, yaani kiongozi wa kundi, Mzee Rajabu.

Mzee Rajabu aliuza asali upande wa pili wa soko, mtu mrefu, mkavu, aliyekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa kana kwamba ni kiti cha enzi. Alimpokea kwa heshima zote.

"Marahaba, Mama Mtandao. Umetumwa na mtumwa wangu?"

"Nimejituma mwenyewe, baba. Yale maoni yako…"

"Umeyapenda?"

"Kwa nini nyota moja?"

"Sifuri haikuwepo. Niliitafuta." Aliwageukia wenzake wawili waliokuwa wanajaza chupa. "Siyo niliitafuta?"

"Uliitafuta," wakashuhudia.

Fortunata alieleza habari ya Mombasa, ya Uledi na Nassibu, ya Alhamisi. Mzee Rajabu alisikiliza amefumba macho. Alipoyafumbua hakuwa na huruma hata ya dawa, au kama ilikuwepo aliificha vizuri.

"Kufuta tutafuta. Lakini mtu haachiwi hivihivi, lazima ajikomboe. Babu zetu walibeba mizigo ya watu kichwani kutoka Tabora hadi pwani hii. Na hawa wenyeji wa pwani walikaa barazani wakituambia poleni. Poleni! Sasa kesho nina asali inashuka Mnazi Mmoja. Dumu moja la lita tano alibebe yeye, kichwani, mpaka hapa. Sisi tutakaa tumwambie pole."

Jumanne saa nne asubuhi, Mzee Mwinyimvua, amevaa kanzu yake nzuri kuliko zote, alivuka kutoka Mnazi Mmoja na dumu la asali kichwani. Nyuma yake walikuja Wanyamwezi tisa mikono mitupu, wakipepea leso.

"Pole mzee wa pwani! Tabora bado mbali?"

"Mwacheni apumzike, huyo kazoea kubeba ngoma!"

"Nikifika nitaimwaga yote kwenye kaburi la babu yenu!" alijibu Mwinyimvua bila kugeuza shingo, maana dumu lingeanguka. Wapakuzi wa marobota walisimama kuwapisha. Muuza maji mmoja alimuuliza Fortunata kama ni harusi, naye hakujua amjibu nini. Alitembea pembeni ya msafara akiwa na wasiwasi na goti la mzee, na kilichomshangaza ni kwamba mzee mwenyewe, jasho linamtiririka, kazi yake hatarini, alikuwa ananawiri. Fortunata aliukumbuka ukurasa wake mwenyewe. Ulikuwa na maoni manane, nyota tano kila moja: "huduma nzuri", "yuko vizuri", "huduma nzuri sana". Hakuna hata mmoja kati ya wanane wale ambaye angetembea naye hivi juani.

Dumu lilitua. Rajabu alilikagua kama halijapungua, akasema pole kwa sauti ya kinafiki, na mchana huohuo maoni yote ishirini na matatu yakafutwa. Mwinyimvua akayafuta na majibu yake kwa masikitiko ya mtu anayechoma barua. Fortunata akamwandikia Bi Swaumu kwa adabu kwamba yale yalikuwa utani wa marafiki, sasa yameondolewa, karibuni sana. Alilala vizuri.

Jumatano jibu likaja.

"Jana maoni ishirini na matatu. Leo hakuna hata moja. Dada yangu, sasa ndiyo nimeogopa. Anayefuta aliyosemwa huwa yamemgusa."

Ilikuwa kweli. Hata Fortunata angesema hivyo. Duka la miaka thelathini lisilo na neno hata moja la mteja linafanana na duka lililofunguliwa jana na tapeli. Ubaya ni kwamba suluhisho lilikuwa wazi: angeweza kujiandikia maoni kumi ya kupendeza kwa majina kumi ya uongo, ifikapo saa sita kazi imekwisha. Wenzake wengi hufanya hivyo. Aliandika la kwanza, "Kanzu nzuri, huduma nzuri sana", akalitazama. Lilikuwa na ladha ya maji ya kuoshea vyombo. Akalifuta, akarudi kwa Mzee Rajabu.

"Baba, andika ukweli tu. Sentensi moja. Kwani kanzu zake ni mbaya?"

"Swali gani hilo? Unataka nimsifu yule?"

"Nataka useme kweli."

"Akija kusoma? Atanicheka mpaka siku ya kuzikwa kwangu, na siku hiyo ndiyo atacheka zaidi." Alitikisa kichwa. "Niombe kingine. Asali nitakupa. Hilo hapana."

Simu ya Fortunata ikalia. Ilikuwa Mombasa. Aliipokea pale pale mbele ya ndoo za asali, na kwa kuwa soko lilikuwa na kelele aliiweka kwenye spika.

"Dada Fortunata," ilisema sauti ya Bi Swaumu, "nimeona nisikuwache hivi bila kukuambia. Kesho nitaiambia kamati tutafute pengine. Si vizuri kuagiza kwa mtu ambaye wateja wake wote wanamlaani. Pengine ni mzee, mikono imechoka, si makosa yake…"

"Nani mikono imechoka?" Mzee Rajabu alikuwa amesimama. "Lete hiyo simu."

"Baba, subiri…"

"Lete." Akaipokea, akaishika mbali na uso kama kioo. "Hujambo mama. Mimi ndiye niliyeandika kwamba nilibebwa msibani."

Upande wa pili ukajibu: "Pole baba."

"Sikubebwa! Nani angenibeba na urefu huu? Yule ni mtani wangu. Kumsema nina haki mimi na ndugu zangu. Wewe humjui, haki hiyo huna. Sasa nisikilize. Kanzu zake ninazo tatu. Ya kwanza niliivaa nikimuoza binti yangu mkubwa, na leo mtoto wa binti huyo yuko darasa la saba. Imefuliwa mpaka imekuwa nyepesi kama ganda la kitunguu, lakini ile tarizi ya shingoni haijafumuka uzi hata mmoja. Mmoja! Njoo uhesabu." Alivuta pumzi. Wajaza chupa walikuwa wameacha kujaza. "Mke wangu alipofariki, yule bwana alikuja nyumbani akajitupa katikati ya matanga, akasema maiti ni yeye, azikwe yeye kwanza maana ana haraka. Wanangu walikuwa hawajala siku mbili. Wakacheka. Wakala. Siku ya tatu akaniletea kanzu mpya, ameishona usiku na mchana, akasema hiyo ni ya kutafutia mke mwingine, ingawa kwa sura yangu haitasaidia."

Bi Swaumu alikuwa anacheka au analia, simu haikuonyesha vizuri.

"Kwa hiyo ni nzuri?" aliuliza hatimaye.

Mzee Rajabu alitazama kushoto na kulia, kuhakikisha hakuna Mzaramo karibu.

"Ni nzuri," alisema kwa sauti ndogo. Akamrudishia Fortunata simu yake, akamnyooshea kidole. "Ukimwambia, nakufutia jina katika mji huu."

Alhamisi alasiri kamati ilikuwa imekaa na kuinuka. Fortunata alikuwa dukani kwa Mwinyimvua ujumbe ulipoingia, na mafundi wote wawili walikuwepo, ingawa siku ile haikuwa zamu yao. Aliusoma kwa sauti. Madrasa inaagiza kanzu zote mia na ishirini. Uledi akasema alhamdulillah akaficha uso kwenye kitambaa. Lakini Bi Swaumu alikuwa ameongeza sharti, na Fortunata alipofika hapo sauti yake ilipungua: kanzu yoyote isifungwe kwenye mzigo kabla haijakaguliwa na mzee wa asali.

"Nani?" aliuliza Mwinyimvua.

"Mzee Rajabu."

"Rajabu huyu huyu wa Tabora? Mwanangu, Dar nzima wamekosa mtu? Huyo anajua nini kuhusu kanzu?"

"Waliyasoma maoni yake, mzee. Wameona ni mtu asiyefumbia macho kasoro."

Mwinyimvua alichukua futi akaanza kupima kitambaa. Ilikuwa vigumu kupinga.

Kuanzia wiki ile, kila siku baada ya sala ya alasiri, Mzee Rajabu alifika Mkunguni na ndoo yake ya kukalia. Alizipokea kanzu ndogo mojamoja, akaziinua kwenye mwanga wa mlango, akapitisha kidole gumba kwenye kila shingo taratibu, kama mtu anayesoma maandishi asiyotaka yaishe. Alisema hii ni ya kunguru, hii ni ya kufungia ugoro, na zote akazipitisha. Fortunata alikuwa anakuja kupiga picha za ukurasa, akichelewa kuondoka bila sababu ya kazi. Ile ya arobaini na moja Rajabu aliirudisha kweli: uzi ulikuwa umelegea karibu na kishada, mahali ambapo Mombasa nzima isingeona.

"Fumua hapa," alisema.

Mwinyimvua aliivuta kanzu, akaitazama kwa hasira ya dakika nzima, akaelekeza macho kwa mtani wake, kisha kwa ile shingo tena. Akachukua sindano, akafumua.